Prosesa Iliyofaulu

Kwa mkewe alikuwa mume tu. Ofisini alikuwa yule jamaa wa dirisha la madai ya bima, na kwa mama yake alikuwa bado mtoto asiyejua kukunja shuka. Lakini ndani ya simu yake, katika kundi la wanaume waliojiita Wachochezi, alikuwa Kamanda. Basi na sisi tumwite hivyo hivyo, maana cheo chenyewe alikitolea jasho, na jasho hilo halikuwa lake peke yake bali la nyumba nzima.

Wachochezi walikuwa na kazi moja tu duniani: kuichukua prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, na kuilazimisha ikimbie kuliko walivyoipangia walioitengeneza. Unaingia kwenye kurasa za ndani za mashine kabla haijaamka vizuri, unapandisha kasi, unaongeza umeme kidogo, unawasha, unamwomba Mungu. Ikikubali kuwaka, hapo hujamaliza. Lazima uipige jaribio. Ipo programu ya kazi hiyo. Inaibebesha prosesa mahesabu magumu mfululizo, bila hata nafasi ya kupumua, na kila jibu inalilinganisha na jibu sahihi. Prosesa inachemka, feni zinalia, na mwenye mashine anakaa pembeni akitazama namba za joto zikipanda, kama anayeuguza mtoto mwenye homa, tofauti ni kwamba homa yenyewe kaileta yeye. Ikimaliza kutwa nzima bila kosa na bila kuzimika, imefaulu. Unapiga picha ya skrini, unaitupa kundini, na wanaume wazima wenye wake na watoto wanakumwagia sifa.

Ubaya ni kwamba Kamanda hakuwa na kompyuta ya kuchochea. Yake ilikuwa kidude cha mapajani kilichochoka hata kufungua barua. Mashine ya maana ndani ya nyumba ile ilikuwa ya mkewe, na haikuwa ya mchezo. Mkewe alikuwa akihamisha mikanda ya zamani ya video. Watu walimletea kaseti za harusi na za mahafali zilizolala makabatini miaka na miaka, yeye anazicheza kwenye deki, kompyuta inapokea picha na sauti na kuzihifadhi upya. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa studio: meza ndefu, deki tatu zilizovuliwa vifuniko, pamba, spiriti ya kusafishia, na ile kompyuta iliyokaa chini ya meza kwa heshima zake zote. Kamanda alikuwa akipita pale akiiangalia kwa jicho la fisi.

Sasa katika mikanda yote iliyokuwa ikisubiri mezani, mmoja ulikuwa wa nyumbani. Mama yake Kamanda aliukuta chini kabisa ya sanduku la nguo, ukiwa umeota kuvu pembeni. Ulikuwa mkanda wa sherehe ndogo waliyoifanya uani siku Kamanda alipomaliza shule ya msingi. Baba yake alisimama siku ile akashika maikrofoni akazungumza. Mwaka uliofuata baba akaugua akafariki, na hakuna mahali pengine popote sauti yake ilipobaki. Sura yake Kamanda aliikumbuka kwa sababu ilikuwa ukutani. Sauti ndiyo iliyokuwa imemtoka. Aliwahi kukaa bafuni akajitahidi kuikumbuka, akaishia kusikia sauti ya mtangazaji wa mpira, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Mkewe aliukagua ule mkanda chini ya taa, akauvuta kidogo kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Unabanduka," alisema. "Huu unga wa kahawia ndio wenye picha na sauti. Kichwa cha deki kikishapita juu yake, unatoka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo unacheza mara moja. Mara ya pili haipo."

"Basi tuucheze mara moja vizuri."

"Ndiyo maana nakwambia mapema. Mama anakuja Jumamosi, tutaucheza yeye mwenyewe akiwepo. Mpaka siku hiyo mtu asiguse mashine yangu. Na nikisema mtu, ninakusema wewe."

Kamanda akaapa. Alikuwa mwepesi wa kuapa.

Jumatatu yake mkewe akaenda kwa dada yake aliyekuwa amejifungua, kumsaidia siku mbili tatu. Mlango ulipofungwa tu, mikono ya Kamanda ikaanza kumwasha. Alijitetea mwenyewe mbele ya nafsi yake, na nafsi yake haikuwa hakimu mkali. Alijiambia anamsaidia mke. Alijiambia mashine yenye kasi itaupokea mkanda wa baba vizuri zaidi. Huo ulikuwa upuuzi, na alijua ni upuuzi, kwa sababu mkanda hauna haraka: unacheza kwa mwendo wake ule ule hata ukiufungia prosesa ya kurushia roketi. Kasi yote aliyokuwa anaihangaikia ingekaa tu kuisubiri deki izungushe. Lakini nani ataenda kuwaambia Wachochezi mambo ya deki?

Akapandisha kasi. Akapiga jaribio. Hata chai haikupoa, skrini ikaganda tuli. Akapunguza kidogo, akapiga tena, programu ikasimama na mstari mwekundu: kosa, jibu si sahihi. Kwa lugha nyepesi, mashine ilikuwa imeulizwa hesabu ikajibu uongo kwa kujiamini, na katika hilo ilikuwa imemfuata aliyeichochea. Mtu mwenye akili angerudisha kila kitu kilipokuwa. Kamanda alikwenda sebuleni akabeba feni.

Ilikuwa feni ndefu ya kusimama, ndiyo pekee ndani ya nyumba. Akaung'oa ubavu wa kompyuta, akaielekeza feni ndani ya matumbo yake, akafungua madirisha yote. Siku hiyo manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri, chumba kina ubaridi wa kumfanya mtu avae sweta, na yeye alilivaa. Joto likateremka. Kamanda akasugua viganja. Mstari mwekundu ukatokea tena.

Hapo ndipo alipofanya kile ambacho ni Mchochezi tu angeweza kukifanya. Katika ile programu kuna kiboksi kidogo kilichoandikwa: simama ukikuta kosa. Kimewekewa alama ya vema tangu kilipozaliwa, na kwa sababu nzuri. Kamanda aliona kuwa tatizo si makosa ya prosesa, tatizo ni programu yenye gubu, inayosimama kwa kila kijikosa. Akaiondoa ile alama. Kuanzia hapo jaribio likatiririka bila kusimama. Makosa yalikuja yakapita, yakapanda juu ya skrini yakapotea, na yeye alikuwa anakunywa uji huku akiangalia upande mwingine. Mara moja skrini iliganda kabisa; akahesabu kimoyomoyo, na kabla hajakata tamaa ikapepesa ikarudi. "Inavuta pumzi," alijiambia. Akaliandika hilo katika sifa zake.

Jioni akapiga picha, akakata kwa uangalifu sehemu ya juu yenye wekundu, akairusha kundini. Kutwa nzima! Joto limekaa kwenye nyuzi sabini na kitu tu! Sifa zikamiminika. Mmoja wao, mtu mwenye tabia ya kuharibu raha za wenzake, aliandika: "Kamanda, weka picha nzima." Kamanda akamjibu kwa neno moja, "Wivu," na wengine wakacheka, na mambo yakaishia hapo. Tangu lini watu kumi wenye vyeo vya kujipa wakamsikiliza mmoja mwenye swali?

Siku mkewe aliporudi, feni ilikuwa sebuleni, ubavu wa kompyuta umefungwa, sakafu imefagiwa. Kilichobaki ni kuwasha mashine, kuingia ndani na kurudisha kasi ya zamani. Kazi ya muda wa kuvaa viatu. Hakuifanya. Kundini alikuwa ameshaahidi kwamba Jumamosi prosesa yake ingepewa kazi halisi, ya kifamilia, ya heshima, na kwamba angewaletea habari. Angewezaje sasa kuwaletea habari za prosesa ya kawaida?

Jumamosi jua lilitoka kama lilikuwa na deni na watu wa mtaa ule. Mama alifika asubuhi amevaa gauni lake la kutokea, kajipaka manukato, nywele kazisuka upya. Ungesema anakwenda kuonana na mtu. Kamanda alipomwona mlangoni alijitia kuchukua mfuko wake.

"Hivi tutamwona kweli?" mama aliuliza.

"Tutamwona, mama, na tutamsikia," alisema mkewe Kamanda. Alikuwa ameshaukausha mkanda, kaufuta kuvu kwa pamba milimita kwa milimita, kautia kwenye ganda jipya. Akamgeukia mumewe. "Hukugusa kitu, eti?"

"Mimi? Niguse nini?"

"Nauliza tu."

"Nimeshakwambia."

Hakuwa amemwambia chochote, lakini alilisema kwa sauti ya mtu aliyeonewa, na mkewe akaliacha lipite, maana mama yuko pale na siku yenyewe ni ya heshima. Chumba cha mbele kilikuwa kinafukuta. Madirisha yalifungwa kwa ajili ya vumbi, kwani vumbi na mkanda mbovu havikai nyumba moja. Feni ikaletwa kutoka sebuleni, na Kamanda alipoiona inaingia roho ikamtulia. Kisha mkewe akaielekeza kwa mama.

"Hapo unapata upepo, mama?"

"Hapo hapo, mwanangu. Asante."

Kamanda alitazama feni, akatazama ubavu wa kompyuta uliofungwa. Neno lilikuwa moja tu: ngoja. Ngoja, nimeigusa, nipe dakika niirudishe. Mkewe angenuna, mama angecheka, mkanda ungesubiri kidogo, basi. Alifungua mdomo kabisa. Ndipo simu ikatetemeka mfukoni, na akajua bila kuitazama ni akina nani wanaoulizia. Akafunga mdomo.

Mkewe akabonyeza, deki ikanguruma kwa upole, na kwenye skrini ukatokea ua wa zamani wenye viti vya kukodi. Mama akapiga kofi moja la furaha. Wa kwanza kusimama alikuwa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yake, mwenye suti iliyombana na maneno yasiyombana hata kidogo. Akazungumzia nidhamu. Akazungumzia barabara mbovu. Akazungumzia safari yake ya treni ya ujanani, kituo kwa kituo.

"Huyu hata kwenye mkanda hachoki," mama alisema, na wote watatu wakacheka.

Katikati ya treni, mtu akagonga getini. Alikuwa mteja aliyeleta boksi zima la kaseti na hakutaka kuliacha bila kukabidhi kwa mkono. Mkewe Kamanda akainuka, akamvuta mumewe hadi mbele ya deki, akamwonyesha kitufe.

"Kaa hapa. Kikitokea chochote, nasema chochote kile, bonyeza hiki. Mkanda ukisimama, umepona. Tutaendelea pale pale. Umenielewa?"

"Kwani mimi mtoto?"

Akatoka. Baba mkubwa akafika kituo cha mwisho, akashukuru, akashukuru tena, akakaa. Na hapo, upande wa kushoto wa skrini, akainuka mwanamume mwembamba mwenye shati jeupe. Mama akaushika mkono wa mwanawe. Mwanamume yule akapokea maikrofoni, akaigonga kwa kidole, akainua uso, akatazama moja kwa moja kwenye kamera. Akafungua mdomo.

Akabaki hivyo.

"Ndivyo alivyokuwa," mama alinong'ona, macho yanamng'aa. "Haanzi mpaka alipime neno. Watu walikuwa wanachoka kumsubiri."

Saa ndogo kwenye kona ya skrini ilikuwa imesimama. Feni za kompyuta, chini ya meza, zilikuwa zinapiga yowe. Na pembeni yake deki iliendelea kunguruma kwa upole wake ule ule, namba zake nyekundu zinahesabu mbele, mkanda unapita, unga unabanduka, maneno yanatoka hayana mtu wa kuyapokea.

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Hilo lazima lisemwe kwa haki: kilikuwa juu ya kitufe. Angebonyeza, mkanda ungesimama. Lakini angebonyeza, mama angeuliza kuna nini, na mkewe angerudi aulize kuna nini, na jibu lilikuwa moja tu. Zaidi ya hapo, si alishaiona hii? Siku ile iliganda ikapepesa ikarudi. Ilikuwa inavuta pumzi tu. Prosesa hii ilifaulu. Si kila mtu kundini aliona?

"Mbona kimya sana?" mama aliuliza.

"Anafikiri, mama," alisema Kamanda. "Anafikiri tu."

Wakamsubiri. Mama na mwana, wameshikana mikono, wanamtazama mtu aliyefungua mdomo, huku hotuba yake nzima ikipita kwenye deki nusu mita kutoka magotini kwao. Jasho lilikuwa linamtiririka Kamanda mpaka kwenye kiuno cha suruali. Rudi, aliisihi mashine moyoni. Rudi, nakuomba. Hakuwa amewahi kumwomba mtu kitu kwa unyenyekevu namna ile.

Mkewe aliporudi na boksi lake mikononi, hakutazama skrini hata mara moja. Alitazama namba za deki. Boksi likaanguka, kaseti zikatawanyika, naye akarukia kile kitufe akakibonyeza juu ya kidole cha mumewe.

Hakupiga kelele. Alikaa, akaufungua mkanda, akauvuta nje taratibu, akaunyanyua dirishani. Kipande kilichokwishapita kilikuwa kinaonyesha mwanga wa upande wa pili, safi kabisa, kama karatasi ya kufungia peremende. Akaendelea kuvuta, akitafuta unga. Alipoufikia, kilichobaki kilikuwa kipande kidogo. Akauweka mkanda mapajani. Kisha akainama chini ya meza, akagusa ubavu wa kompyuta, akaondoa mkono haraka.

"Uliigusa."

"Ilifaulu," alisema Kamanda. Sauti ilimtoka nyembamba. "Nilipiga jaribio, kutwa nzima. Ilifaulu."

Mkewe alimtazama vile mtu anavyotazama kitu kilichonata kwenye kiatu. Akazima, akasubiri ipoe, akawasha tena. Akaingia mwenyewe kwenye zile kurasa za ndani, akairudisha kasi yake ya kuzaliwa bila kuuliza. Kile ambacho mashine ilikuwa imeshakihifadhi kilikuwepo. Akakicheza. Baba mkubwa alisikika neno kwa neno, safi kuliko alivyosikika siku yenyewe, treni na vituo vyake vyote. Kisha shati jeupe, maikrofoni, kidole kinagonga, uso, mdomo. Mwisho. Kipande kile kilichobaki kwenye mkanda walikipitisha pia, kwa heshima ya mazishini. Kilikuwa na watu wanakula.

Simu ya Kamanda ilitetemeka tena. Aliitoa, akaizima, akaiweka mezani kifudifudi. Kisha akapiga magoti mbele ya mama yake, na safari hii hakujali anavyoonekana.

"Mama, ni mimi. Niliambiwa nisiiguse nikaigusa. Na ilipoganda niliona. Niliona tangu mwanzo, nikakudanganya. Najua ulikuja kumsikia. Nisamehe."

Mama alikuwa anajifuta uso kwa kitambaa, manukato yake yamekwisha kuchanganyika na harufu ya spiriti. Alimtazama mwanawe bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mimi?" alisema. "Mimi sikuja kumsikia. Mimi nililala naye chumba kimoja miaka yote ile, sauti yake ninayo. Na maneno ya siku ile nayajua yote, hadi pale alipokohoa. Nilikuletea wewe. Alikuwa anakusema wewe, na wewe ulikuwa nje na wenzako mnagombea mpira. Nilikuita mara mbili. Nikasema haidhuru, upo mkanda."

Kamanda alitaka kuuliza, akaogopa, akauliza.

"Alisema nini?"

Mama akamwangalia mkwewe, aliyekuwa anaokota kaseti sakafuni. Akakunja kitambaa mara mbili. Akaanza kulisema lile neno polepole, kwa sauti yake mwenyewe, ya kizee, iliyokwaruza kidogo kwa kilio.

"Alisema, huyu mwanangu si wa kwanza darasani, na wala sikumtaka awe wa kwanza. Kuna watoto wenye akili kumshinda, wapo hapa, namwona mmoja pale. Lakini huyu akivunja kikombe, anakuja kuniambia mwenyewe kabla sijauliza. Hajawahi kunificha kitu. Basi hata nikiondoka leo, nitaondoka nikijua nyumba hii ina mtu."

Kamanda alisikiliza hadi mwisho, magoti sakafuni, akijitahidi kulisikia kwa sauti ya mwanamume. Alikuwa anasikia ya mama tu.